Mkono wa Kushoto

Mkono huu haupewi tonge, haupewi salamu.
Ndio wa kushika klachi.

Nimenunua pikipiki ya mbio, nyekundu,
kwa miaka sita ya chama cha akina mama wa Muyeye
na zamu za usiku ambazo sitaki kuzihesabu.
Kaka yangu Karisa alisema: "Mkunga na mashine hii!
Watoto watazaliwa kwa kukusikia tu, ungali Gede."
Sikumjibu. Nilipanda.

Nikabana klachi.

Mwanzo ni laini, laini kupita kiasi,
kama kubonyeza papai lililoanza kulegea.
Halafu, katikati ya mwendo wake mfupi,
kuna kitu. Kifundo. Punje ya jiwe kwenye wali.
Vidole vinakipanda, vinateremka,
na vikirudi vinakikuta pale pale
kinanisubiri.

Fundi Chengo wa Kisumu Ndogo
alibana mara moja tu, kwa mkono wenye grisi.
"Ndivyo zilivyo hizi mpya. Utazoea."
Akarudi kwenye bodaboda aliyokwisha kuipasua.

Utazoea.
Neno hilo nalijua. Nilishawahi kulisema
kwa mama mmoja wa Ganda, mimba ya kwanza,
aliyesema kichwa kinamgonga na anaona nyota mchana.
Mimba ndivyo zilivyo, nilimwambia.
Nilikuwa na miaka ishirini na minne.
Jina lake nalijua. Siliandiki.

Basi nikakaa juu ya mashine uani kwetu
jioni nzima, injini imezimwa,
kuku wakinizunguka,
nikibana na kuachia, nikibana na kuachia,
vidole viwili juu ya chuma, macho nimefumba,
kama ninavyotafuta mshipa wa mtu aliyepoteza damu.
Usukani ukiwa sawa: kifundo.
Ukienda kulia: hakipo kabisa.
Kushoto: klachi inakaza, inasaga meno.

Hapo tena si mazoea. Hapo ni ugonjwa, na una mahali.

Nikaleta tochi ya simu, nikaufuata waya
kutoka vidoleni hadi shingoni mwa pikipiki,
nikaingiza mkono mahali penye giza
(kazi niijuayo)
nikagusa ukanda wa nailoni, mwembamba, mweusi,
uliofungwa na mtu wa kiwandani nisiyemjua
ili waya usicheze ndani ya sanduku huko melini.
Ulifungwa kwa ajili ya safari.
Safari ikaisha Kilindini,
hakuna aliyekumbuka kuufungua.

Mkasi wa wodini ulikuwa mkobani.
Kacha.
Sikupiga vigelegele, ingawa nilitaka.

Asubuhi nikapita gereji, makusudi.
Chengo akabana, akabana tena, akanitazama.
Nikamwekea kiganjani kile kipande cha nailoni.
Akakigeuza, akakitia mfukoni.
"Chai yako leo nalipa mimi."

Msidhani basi tumekuwa marafiki, mimi na mashine.
Klachi yake bado nyepesi mno, haina uzito wa kunionya,
inashika mwishoni kabisa, upana wa ukucha kabla ya kuachia.
Mbele ya stendi ya boda, barabara ya Mambrui,
nimevaa helmeti mpya, vijana wote wananitazama,
ikazimika.
Nikawasha. Ikazimika.
"Piano piano, sista!" akapaza sauti mmoja,
Kitaliano cha ufukweni, alichookota akiuza vinyago.

Nikacheka ndani ya helmeti, kioo kikajaa ukungu wangu,
nikaurudisha mkono wa kushoto kazini,
nikaachia unywele kwa unywele.

Daraja la Sabaki nililivuka kwa gia ya pili.
Ya tatu sikuthubutu.